Kufufua mkono wa gia wa Hiace ya zamani, kuanzia kitasa hadi giaboksi

Kabla hujamruhusu mtu yeyote ashushe giaboksi ya Hiace yako kwa sababu gia hazishiki, zima injini, kanyaga klachi, kisha ingiza gia zote moja moja pamoja na rivasi. Ikigoma moja tu, sukuma gari kidogo ujaribu tena, kwa sababu meno yanaweza kuwa yamekutana ncha kwa ncha. Kama zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa na zinagoma ikiwashwa, ugonjwa wako ni klachi haiachii: pengine kuna hewa kwenye mfumo wake, pengine masta (pampu ya klachi) imechoka. Hiyo ni kazi nyingine. Lakini kama zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, au mkono wa gia unayumba tu na hujui namba moja iko wapi, kaa hapa tuelezane.

Mimi ni fundi, nipo Chikongola, Mtwara mjini. Hiace za muundo ule uliotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2004, zile ambazo namba ya modeli inaanza na LH, zenye injini za dizeli zinazoitwa 2L, 3L na 5L (ni majina ya injini, si lita), ndizo zinazopita mikononi mwangu kuliko gari lingine lolote. Zimebeba watu wa huku kwetu miaka nenda miaka rudi: Mikindani, Mingoyo, Lindi, Nanyamba, Tandahimba, Newala. Naumia nikiona mwenye gari anauziwa giaboksi ya mtumba, halafu mkono unaendelea kuyumba vilevile kwa sababu kilichokufa ni bushi ya plastiki ya kukaa kwenye ncha ya kidole. Na abiria aliyekaa siti ya nyuma ana haki ya kubebwa na dereva anayeipata namba mbili pale anapoitaka, hasa anapoteremka kutoka Newala kuelekea Masasi na gari limejaa.

Uelewe kwanza mpangilio. Kwenye Hiace hii injini iko chini ya viti vya mbele, giaboksi iko nyuma ya injini, na mkono wa gia uko mbele karibu na dashibodi. Kwa hiyo mkono haugusi giaboksi kabisa. Katikati yao kuna kebo mbili. Ya kwanza inachagua safu: ukisogeza mkono kushoto au kulia, ndiyo inayofanya kazi. Ya pili inaingiza gia: mbele na nyuma. Ukilijua hilo, gari lenyewe linakusimulia. Ukikosa safu nzima, kwa mfano tano na rivasi hazipatikani lakini moja hadi nne ziko sawa, itazame kebo ya kuchagua. Ukiipata safu lakini gia inaingia nusu au inachomoka, itazame kebo ya kuingiza, na usisahau raba za injini na giaboksi. Raba ikikatika, giaboksi inasogea dereva anapokanyaga mafuta, kebo inavutika, gia inatoka. Nimeshaona gari linachomoa gia kila likipanda kilima, na ndani ya giaboksi hakuna kilichoharibika hata kimoja.

Ikilia krrr kila unapoingiza namba mbili au tatu, na klachi umeshaihakikisha kuwa nzima, hapo ni sinki (pete za kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) ndani ya giaboksi. Mwongozo huu hautakusaidia.

Tafuta mwendo unapopotea

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Mnahitaji kuwa wawili. Injini imezimwa, hendibreki imevutwa, mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi. Mmoja akae kwenye usukani, mwingine aingie chini na tochi. Wa juu aingize gia ya tatu, kisha autikise mkono taratibu mbele na nyuma bila kuitoa gia. Wa chini asiangalie popote isipokuwa zile ncha za kebo pale zinapokutana na mikono midogo ya giaboksi.

Kuna dereva wa njia ya Lindi alikuja kwangu akiwa ameshakusanya hela ya giaboksi. Akaniambia, "Fundi, gia zimeisha, nishushie tu." Nikamwambia, "Kaka, subiri kwanza tuangalie." Konda wake akakaa juu, mimi nikalala chini. Konda anatikisa mkono kiasi cha upana wa kiganja, huku chini jicho la kebo linakwenda na kurudi juu ya pini, tik, tik, na mkono mdogo wa giaboksi umetulia kimya. Bushi haikuwepo kabisa. Lilibaki tundu la chuma linaloning'inia kwenye pini nyembamba. Nikamvuta dereva chini aone kwa macho yake. Alibaki anatikisa kichwa.

Basi fuata mwendo huo kutoka juu hadi chini. Mkono unatembea lakini kebo haijaanza kutembea? Uchakavu uko juu, kwenye tufe la chini ya mkono au bushi za pale. Ncha ya juu ya kebo inatembea na ya chini imesimama? Kebo yenyewe, au kishikio cha ganda lake kimelegea. Ncha ya chini inatembea na giaboksi imesimama? Bushi ya chini. Mikono midogo ya giaboksi inatembea yote sawasawa lakini gia haiingii? Sasa ndiyo uanze kuizungumzia giaboksi. Rudia kipimo kwa kutikisa kushoto na kulia gari likiwa fri, ili uipime ile kebo ya kuchagua.

Pima na mchezo wa kitasa, kile kichwa cha mkono wa gia unachokishika, kabla hujafungua kitu. Gari likiwa ndani ya gia, kitasa kikicheza zaidi ya upana wa vidole vitatu, mimi nafungua. Andika hicho kipimo chako, utakihitaji mwishoni.

Kufungua

Toa waya wa hasi wa betri. Ukinyanyua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia tu. Kumbuka pia kuwa ukishatoa kebo, huwezi kutegemea gia kulishika gari. Yale mawe kwenye tairi ndiyo yanayokulinda. Subiri ekzosi ipoe.

Fungua kitasa kwa kukizungusha. Kama kina nati ya kufungia chini yake, ilegeze kwanza. Vua ule mpira unaofunika mkono, kisha kava ya plastiki. Utaona kiti cha chuma kilichofungwa sakafuni kwa bolti. Kwa Toyota hizi spana za 10, 12 na 14 zinamaliza karibu kila kitu, pamoja na plaizi ya kuchomolea klipu na kotapini. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, tena kutoka pande tofauti. Chora kwa rangi alama kwenye kebo ya kuchagua, juu na chini, usije ukazibadilisha.

Vitu vidogo usivirundike kwenye kifuniko cha ndoo. Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, kila unachokitoa kitunge kwa mpangilio wake kama mishikaki: klipu, washa, bushi, washa. Washa bapa na washa ya mawimbi zina kazi tofauti. Ile ya mawimbi ndiyo inayonyonya mtikisiko, na ndiyo inayopotea kila mara.

Kabla ya kuivuta kebo kutoka chini ya sakafu, funga kamba ya nailoni kwenye ncha yake. Kebo ikitoka, kamba inabaki imepita njia ileile, na kebo mpya utaivuta nayo. Bila kamba utashinda unaibabaisha kati ya bomba na ekzosi.

Chumvi na mchanga

Hapa pwani kuna jambo ambalo fundi wa bara anaweza asilizingatie. Hiace zetu zinabeba samaki. Ndoo na matenga yanawekwa mbele pale karibu na dereva, maji ya samaki yanamwagika, yanaingia kwenye mpira wa mkono uliopasuka, yanatulia kwenye kiti cha chuma. Gari jingine linaendeshwa ufukweni Msimbati, mchanga wenye chumvi unarushwa chini kote. Ukienda juu, Tandahimba na Newala, msimu wa korosho vumbi linaingia kila tundu na kuchanganyika na grisi ya zamani, na mchanganyiko huo unasaga chuma bila huruma.

Kwa hiyo kusafisha kuna utaratibu. Anza na maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, sugua kwa brashi, suuza. Mafundi wengi wanakimbilia mafuta ya taa, lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya taa. Unatoa grisi, chuma kinang'aa, chumvi inabaki kwenye vipenyo na kutu inarudi. Maji kwanza, kausha juani, ndipo mafuta ya taa kwa grisi iliyoganda, halafu futa kwa kitambaa kikavu. Petroli usiitumie ndani ya gari. Mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu.

Chuma kikishakuwa kisafi, ndipo kinasema ukweli. Tazama tufe la chini ya mkono: liwe la duara, lisiwe na ubapa upande mmoja. Tazama kikombe chake cha plastiki: kisiwe na ufa. Tazama springi zinazorudisha mkono katikati. Ikiwa moja imelegea au imevunjika, mkono utaegemea upande mmoja na dereva atakuwa anaingiza tatu akidhani ni moja.

Halafu pini. Pitisha kucha kwenye pini kuizunguka. Kucha ikikwama kwenye mfereji, pini imeliwa. Watu wanaruka hatua hii, wanaweka bushi mpya juu ya pini iliyoliwa, baada ya muda mfupi mkono unayumba tena, lawama anapewa aliyeuza bushi. Pini iliyoliwa ibadilishwe, au ijazwe kwa kuchomelea kisha ikerezwe irudi kwenye duara lake. Sehemu ya kuchomelea iwe nje ya gari na mbali na plastiki yoyote.

Bushi

Bushi za dukani zikipatikana, nunua, lakini nenda na ile ya zamani na pini yenyewe mfukoni. Usiagize "bushi za gia za Hiace" kwa simu. Hiace ni nyingi, na anayekutumia kutoka Gerezani kule Dar es Salaam hawezi kujua yako ni ipi. Jaribu hapo hapo dukani: bushi izunguke kwenye pini kwa vidole bila kukwama na bila kuyumba.

Zisipopatikana, nenda kwa mkerezaji. Mwambie akukereze kwa plastiki ngumu inayoitwa POM, asikupe nailoni ya kawaida. Nailoni inanyonya maji na kuvimba, na kwa unyevu wa huku Mtwara utaanza kulalamika kuwa gia zimekuwa nzito. Nafasi kati ya bushi na pini iwe kama milimita 0.1 hadi 0.2, isizidi hapo. Shaba nayo inawezekana na inadumu, ila inapeleka mtikisiko wote wa injini mkononi mwa dereva, inapiga kelele, na mchanga ukiingia inaila pini. Mimi naitumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Kwa kuwa tuko kwenye nchi ya wachongaji, kuna wanaoniuliza kuhusu mpingo. Ni mti mgumu sana na unakerezeka vizuri mno, naupenda. Lakini bushi hizi ukuta wake ni mwembamba, na mti ukiwa mwembamba hivyo unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Tuwaachie wachongaji wafanyie vinyago.

Kinachoniudhi kabisa ni mpira wa tyubu uliokatwa vipande na kuzungushiwa kwenye pini, kisha msumari kupindwa badala ya kotapini. Msumari ule ukikatika barabarani, kebo inaanguka kwenye pini na dereva anabaki na gia aliyokuwa nayo, iwe inamfaa au haimfai.

Kebo

Kebo ikiwa imetoka, inyooshe chini iwe na mpindo mpana kama ilivyokuwa ndani ya gari, kisha vuta na sukuma waya wa ndani kwa vidole. Uteleze wote, kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ukisikia unakwaruza au unakwama mahali pamoja, maji yameshaingia na kutu imeanza. Mafuta mepesi yatakupa nafuu ya muda, yakufikishe mpaka kebo mpya iwasili. Usiijaze grisi nzito. Kebo nyingi za aina hii zina utando wa plastiki ndani unaotosha wenyewe, na grisi nzito inakamata vumbi na kuongeza uzito. Ganda la nje likiwa limeungua kwa ekzosi au limepasuka, usijadili, badilisha.

Unaponunua, linganisha urefu, aina ya macho ya pande zote mbili, na mahali pa vishikio. Kebo ya gari lenye mkono sakafuni si ya gari lenye mkono kwenye usukani. Kebo ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa utaona inatosha kwenye benchi, lakini garini italazimika kujikunja na itakuwa nzito maisha yake yote.

Wakati wa kuirudisha, ipitie njia yake ya zamani, ifungwe kwenye kila kishikio, isiguse ekzosi wala shafti, na isipinde kona kali popote.

Huko chini kwenye giaboksi, ukiwa bado umelala, shughulikia mambo mawili. Mkono mdogo unaogeuza mwendo una bushi yake mwenyewe, nayo huwa imesahauliwa. Na pale shafti ya gia inapotoka kwenye giaboksi kuna oili sili. Ikivuja, ibadilishe sasa na uangalie kiwango cha oili ya giaboksi, maana oili ikipungua gia zinakuwa ngumu na utakuwa umehangaika na kebo bure. Oili ni ya gia, 75W-90. Usiweke ya injini.

Kufunga na kurekebisha

Paka grisi ya lithiamu kidogo kwenye tufe, kikombe na pini, utando mwembamba tu. Sehemu zinazogusa mpira paka grisi ya silikoni. Ukizidisha grisi unaukaribisha mchanga. Klipu na kotapini ziwe mpya, miguu yote miwili ya kotapini ipindwe. Mpira wa kufunika mkono ukiwa umepasuka, nunua mwingine au peleka kwa fundi viatu akushonee wa ngozi. Mpira huo ndio mlinzi wa kazi yote uliyofanya.

Sasa urekebishaji. Kazi nzuri inaharibikia hapa, kwa hiyo usiwe na haraka. Giaboksi iwe fri, na ule mkono wake wa kuchagua uwe umetulia katikati, pale springi za ndani zinapouacha wenyewe. Mkono wa juu usimamishe katikati, mwenzako aushike hivyo bila kuusukuma. Lete jicho la kebo kwenye pini. Lidondokee lenyewe. Ukilazimika kulivuta au kulisukuma hata milimita chache ili liingie, kebo haijakaa sawa. Kama ina nati za kurekebishia, zungusha mpaka jicho liingie bila nguvu, kisha kaza nati ya kufungia. Kama haina nati, angalia kama ganda limekaa vizuri kwenye kishikio, au kama umenunua kebo isiyo yake.

Ingiza kila gia, na kila ikishaingia, sukuma mkono kidogo zaidi. Lazima usikie gia imegota giaboksini, huku mkono ukiwa bado haujagusa kava wala dashibodi. Mkono ukigonga kava kabla gia haijaingia yote, gia hiyo itachomoka barabarani. Linganisha moja na mbili, tatu na nne, tano na rivasi: nafasi iliyobaki mbele ilingane na iliyobaki nyuma. Kisha pima tena mchezo wa kitasa uone umetoka wapi na umefika wapi.

Washa injini. Rivasi kwenye gari nyingi za umri huu haina sinki, kwa hiyo kanyaga klachi, subiri kidogo, ndipo uingize. Nenda barabarani bila abiria kwanza. Mimi natoka mjini mpaka Mikindani na kurudi, natafuta sehemu ya kupanda na kushuka, naachia mafuta ghafla na kukanyaga ghafla nione kama kuna gia inayotaka kutoka. Ikikaa, ndipo gari lipakiwe.

Mwambie dereva aache kupumzisha mkono juu ya kitasa wakati anaendesha. Uzito ule unasukuma uma za gia ndani ya giaboksi muda wote. Ndoo za samaki zihamie nyuma. Akitoka ufukweni, aoshe chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Kwa wenye Hiace ya mkono kwenye usukani: kipimo cha kutafuta mwendo unapopotea ni kilekile, isipokuwa bushi za juu ziko kwenye nguzo ya usukani, na utafungua kava ya usukani badala ya kava ya sakafuni.

Baada ya wiki moja ya kazi, ingia tena chini ya gari. Shika kila nati ya kebo na bolti za vishikio kwa spana. Bushi mpya hukaa vizuri baada ya kutembea, na kishikio kinaweza kulegea kidogo. Ukikuta nati imelegea, usiikaze tu na kuondoka. Weka washa ya springi chini yake ndipo ukaze.